Masaa Matatu Baada ya Kutua

Blanketi alilojifunika angani lilinifikia mimi kabla yake.

Nilikuwa kazini asubuhi ile ya Jumamosi, chumba cha kupokelea, pale kiwanda chetu cha kufulia nguo. Gari la uwanja wa ndege likamwaga magunia yake mlangoni kama kawaida. Kila gunia hufungwa kijikaratasi chenye namba ya ndege lilikotoka, na namba ya ndege ya mchumba wangu mimi naijua kuliko namba yangu ya simu. Nikatazama saa ya ukutani. Saa tano na nusu. Nikalifungua lile gunia, nikachomoa blanketi la juu, na kama mtu asiye na akili timamu nikaliweka shavuni.

"Haya, Mama Blanketi kashaanza," akasema mwenzangu wa pasi. "Bwana harusi umemkuta humo?"

"Yuko njiani," nikajibu.

"Basi liache blanketi la watu lifuliwe."

Nilicheka naye, lakini moyoni nilikuwa nimeshaanza kuhesabu. Kutoka uwanja wa ndege hadi kwetu ni dakika hamsini. Foleni ikiwa ya kumfanya mtu atukane, ni saa moja na nusu. Saa sita nilitoka kazini. Saa saba nilikuwa nimeoga na kuvaa gauni langu la kijani. Wazee wakaketi sebuleni, chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Mwenyewe aligonga mlango saa tisa kamili, begi mkononi, shati jeupe la mikono mirefu, na lile tabasamu lake.

Na nywele mbichi shingoni.

Hiyo ilikuwa safari yake ya nne tangu aanze kuja kwetu. Safari ya kwanza nilijiambia ni foleni. Ya pili nikasema mizigo imechelewa kutoka. Ya tatu nikaacha kumtafutia sababu, nikatumia pua. Alinukia sabuni ya ndimu, mbichi kabisa, kama mtu aliyetoka bafuni sasa hivi. Mtu hashuki kwenye ndege na nywele mbichi. Kulikuwa na bafu mahali fulani katika mji huu, na bafu halikosi mwenyewe. Niliililia ile sabuni wiki nzima, tena nikiwa kazini, machozi yakidondoka kwenye mashuka ya watu, na hakuna aliyejua.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya jibu. Baba alikuwa ameahidi kusema mbele ya wazee kama ananiozesha au haniozeshi. Akisema ndiyo, wiki mbili zijazo ningepanda ndege ile ile na kwenda kuishi kilomita elfu mbili na mia kutoka mlangoni kwake.

"Meneja! Karibu, karibu baba," Baba akasema, akijaribu kuinuka. "Njoo ukae hapa penye mto."

Baba yangu alikuwa tarishi wa ofisi miaka thelathini. Alipanda na kushuka ngazi na mafaili ya watu mpaka goti moja likagoma kukunjika. Ndiyo maana siku aliposikia kijana huyu yuko ofisini, tena kwenye kiwanda kikubwa cha ngozi, macho yalimng'aa kama ya mtoto. Tangu siku hiyo hakumwita jina jingine ila Meneja, hata mbele ya majirani. Hasa mbele ya majirani.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Na safari?"

"Nzuri, Mzee. Masaa matatu tu hewani, huyo umefika."

"Masaa matatu!" Mjomba wake akapiga paja. Ndiye aliyekuja kumsemea. "Mimi njia hiyo nilikuwa naiendea siku nne kwa lori, na matairi mawili lazima yapasuke."

Wakacheka wote, isipokuwa mmoja. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Lakini kabla ya hapo, na baada ya hapo pia, alikaa miaka ishirini na miwili kwenye geti la kituo cha mabasi, akiandika kila basi limetoka saa ngapi na limeingia saa ngapi. Mpaka leo kuna madereva wazee wakimwona sokoni wanavuka barabara.

"Masaa matatu hewani," Shangazi akarudia taratibu. "Na umetua saa ngapi, mwanangu?"

"Aah, Shangazi, kwa kweli sikutazama vizuri."

"Mimi nilitazama." Akavaa miwani, akatoa kijikaratasi kilichokuwa kimekunjwa mara nne. "Ulimtumia huyu mtoto picha ya tiketi, nikamwambia anisomee. Kuondoka saa mbili na dakika kumi asubuhi. Kutua saa nne na dakika kumi. Sasa hivi ni saa tisa. Basi likinifanyia hivyo mimi, swali langu ni moja tu: limepita wapi kupakia abiria wa njiani?"

Mjomba akapaliwa na chai.

"Dada!" Baba akasema.

"Dada nini? Tunatoa binti hapa, hatutoi kuku. Tena kuna jambo la pili. Saa mbili mpaka saa nne ni masaa mawili. Yeye anasema matatu. Hilo moja kalificha wapi?"

Nilimwona mchumba wangu anapata upenyo, jinsi mtu anavyoona mlango uliosahauliwa wazi.

"Hapo ndipo watu wengi hubabaika, Shangazi," akasema, sasa kwa sauti ya upole. "Saa za kule na za huku hazilingani. Tiketi imekatwa kule, kwa hiyo wameandika saa za kule. Hiyo saa nne na dakika kumi, huku kwetu inakuwa kama saa saba mchana. Ongeza mizigo, ongeza foleni, ndiyo unaniona sasa hivi."

"Umesikia, dada?" Baba akaangua kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Dunia ni duara. Wewe umezoea mabasi. Hii ni elimu!"

Shangazi akakitazama kijikaratasi chake, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele. Niliona hakuridhika. Hata ile saa moja aliyoiuliza hakujibiwa. Ghafla akanigeukia mimi.

"Wewe unayefua mablanketi ya ndege. Ni kweli hayo?"

Kijiko cha mjomba kilikuwa njiani kwenda mdomoni, kikasimama. Na mchumba wangu akaniangalia. Nimeshaangaliwa na mwanaume huyu kwa mapenzi, kwa utani, kwa hamu ya kuaga asubuhi ya safari. Hivi hakuwahi kuniangalia. Alikuwa ananiomba.

Nikisema ndiyo, mimi ni bibi harusi kabla jua halijazama, na yule mwenye bafu anabaki katikati yetu maisha yote. Nikisema siyo, vikombe vinakusanywa, mjomba anachukua kofia yake, na simwoni tena.

"Shangazi," nikasema, "naomba nimuulize mwenyewe kwanza. Nje. Dakika kumi tu."

"Kuuliza nini tena?" Baba akakunja uso. "Si ameeleza?"

"Baba, mimi ndiye nitakayeishi na hayo maelezo."

Shangazi akaigeuza saa yake ya mkononi aione vizuri. "Dakika kumi. Naandika."

Uani kulikuwa na shuka mbili kwenye kamba na ndoo iliyofunikwa sinia. Nilisimama upande wa pili wa shuka ili sauti zetu zisiingie dirishani. Akanifuata, akashusha pumzi kama mtu aliyepona ajali.

"Jicho, asante. Umeniokoa." Huwa ananiita Jicho, anasema hakuna kinachonipita.

"Sijakuokoa. Nimekuahirisha."

"Nini tena?"

"Saa za kule ziko mbele ya zetu kwa saa moja, basi. Ndiyo maana tiketi inaonyesha mawili wakati mmeruka matatu. Na saa ya kutua wanaiandika kwa saa ya mji unaotua. Mwaka wa pili huu napokea magunia ya ndege yenu. Leo gunia lenu limenifika mikononi saa tano na nusu. Blanketi limefika, mtu hajafika." Nikamsogelea. "Ulikuwa bafuni kwa nani?"

"Bafuni kwa nani?"

"Usinirudishie swali. Anayerudisha swali anatafuta uongo wa kupachika."

"Hakuna mwanamke, Jicho. Haki ya Mungu."

"Kuna ndimu."

Akafumba macho.

"Kuna sabuni ya ndimu, safari zote nne. Kuna nywele mbichi. Nimeyaona yote, nikakaa kimya, nikasema labda siku moja ataniambia mwenyewe. Badala yake leo umemfanya baba yangu acheke kwa uongo. Haya, mtaje jina. Nirudi ndani nikawaambie wazee wakusanye vikombe."

Hakutaja jina. Alifungua kifungo cha mkono wa shati, akaanza kulikunja. Mara moja, mara mbili, mpaka juu ya kiwiko.

Nilidhani ni ugonjwa. Kiganja kilikuwa kimesuguliwa mpaka kimechubuka, chekundu kama cha mtoto mchanga. Lakini kutoka kifundo cha mkono kwenda juu, ngozi ilikuwa nyeusi yenye wekundu, rangi ya majani ya chai yaliyochemka siku nzima, imezama mpaka kwenye vinyweleo, na mipasuko midogo midogo kama udongo wa kiangazi.

"Siko ofisini," akasema. "Sijawahi kuwa ofisini. Niko kwenye mapipa. Ngozi zinalowekwa humo kwenye dawa, sisi tunazigeuza kwa mikono. Siku nyingine naingia mpaka kifuani. Glavu zinachanika siku ya pili. Na harufu yake, Jicho, haina mfano. Kwenye ndege jirani yangu aliomba abadilishiwe kiti. Kwa adabu, lakini aliomba."

Niliendelea kuutazama mkono.

"Nikitua naenda kwenye mabafu ya kulipia, nyuma ya kituo cha mabasi. Nasugua masaa matatu. Ndimu, jivu, jiwe, sabuni, halafu ndimu tena. Yule mzee wa pale ananiita Bwana Harusi, maana kila nikifika namwambia naenda kuchumbia." Akajaribu kucheka, kicheko kikamfia. "Muda uleule wa kukata kilomita elfu mbili na mia, mimi nautumia kuoga."

"Kwa nini?"

"Siku ya kwanza baba yako aliniuliza nafanya kazi wapi. Nikasema kiwanda cha ngozi. Akasema, ofisini? Nikaona alivyoniangalia. Nikasema eeh." Akanyanyua kidole kimoja. "Eeh moja tu. Kabla sijaikanusha, nimeshakuwa Meneja."

Ningependa kusema nilimrukia shingoni. Miezi mingapi nilikuwa naomba kusikia hivyo, kwamba hakuna mwanamke? Na furaha ilikuja kweli, ila ilikuja imeshikana mkono na hasira.

"Na tungefika kule ungejificha wapi? Mimi ningekuwa mke wako, nakufulia nguo. Ungesema mapipa yamekuja ofisini?"

"Nilipanga nikwambie kabla hatujafika."

"Lini?"

Akachezea kifungo cha shati. "Kwenye ndege."

"Kwenye ndege?"

"Niliwaza, masaa matatu yanatosha. La kwanza utanuna. La pili utalia. La tatu utanisamehe, halafu tutatua. Maana kule juu..." Akasita.

"Malizia."

"Kule juu huwezi kushuka."

Nikarudi nyuma hatua moja. Shuka ilinigusa mgongoni, baridi.

"Kwa hiyo ungengoja nifungwe mkanda," nikasema. "Nimeshaaga kwetu, kazi nimeacha, ardhi siioni, ndipo uniambie ni nani niliyeolewa naye."

"Si hivyo, Jicho."

"Ni hivyo hivyo. Sikiliza. Kazi yako hainitishi hata kidogo. Mimi nafungua magunia ya watu, mikono hii imeshika matapishi ya matajiri. Kinachonitisha ni hesabu yako. Umeipima njia nzima, kilomita kwa kilomita, ukatafuta mahali pekee ambapo siwezi kusema hapana. Mimi kama ni kuambiwa, niambiwe miguu yangu ikiwa chini. Niwe na njia ya kuondoka. Nikibaki, ujue nimebaki."

Aliinamisha kichwa. Nilitamani kukishika. Nikaishika ndoo.

"Nilikuogopa," akasema polepole. "Baba yako angenikataa kwa maneno, yakaisha. Wewe ungenikataa kwa kunyamaza."

"Dakika nane!" Shangazi akapaza sauti kutoka dirishani.

"Nifanye nini?"

"Unajua cha kufanya."

"Nikimwambia, atakataa."

"Huenda."

"Na akikataa, wewe utasimama na mimi?"

"Sikwambii."

"Jicho!"

"Sikwambii. Nikikuahidi kwanza, utakuwa umeuza ukweli. Mimi nataka uutoe."

Akaanza kuushusha mkono wa shati. Ukafika katikati, akauangalia, akaukunja tena.

Sebuleni hakukaa penye mto. Alisimama mbele ya Baba, mikono wazi, akaeleza yote. Mapipa, dawa, kugeuza ngozi, mabafu ya kulipia. Kuhusu saa za tiketi alisema waziwazi kwamba alidanganya. Alieleza mpaka ile eeh. Hakunitaja mimi mahali popote.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Shangazi.

"Kwa hiyo mwanamke hakuna?"

"Hakuna, Shangazi."

"Bafu ni la kulipia."

"La kulipia."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, akakikunja kijikaratasi chake mara nne, akakirudisha kifuani. "Saa zimetimia," akasema. "Mimi sina neno tena."

Lakini Baba alikuwa nalo. Alimgeukia mjomba kwanza. "Na wewe, mzee mwenzangu, ulijua?"

"Nilijua," mjomba akasema akiangalia sakafu. "Kila siku namwambia, sahihisha hilo jambo. Kila siku ananiambia kesho."

Baba akautazama ule mkono. Aliutazama muda mrefu, kama zamani alivyokuwa akitazama ngazi kabla ya kuzipanda.

"Unaingia kazini saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri, Mzee."

"Unakaa, au unasimama?"

"Nasimama. Kutwa."

Baba akalikanda goti lake. "Mimi nimesimama miaka thelathini. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, huyu mtoto asije akampata mtu wa kusimama."

"Baba," nikasema, "na mimi nasimama. Kutwa nzima, kwenye magunia. Mbona mimi hujawahi kunionea haya?"

Aligeuka kuniangalia. Sijawahi kuyaona macho ya baba yangu yakikosa pa kwenda.

"Wewe nyamaza," akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu. Kisha akamrudia yeye. "Kazi yako siitukani. Ngozi ni ngozi, kila mtu anavaa viatu. Lakini miezi tisa nakuita Meneja, na miezi tisa unaitika. Majirani watanicheka mimi, hawatakucheka wewe." Akavuta pumzi. "Leo, hapana."

Mjomba akachukua kofia yake. Shangazi akainua shingo.

"Leo?"

"Nimesema leo, dada. Masikio unayo."

Nikamsindikiza mpaka nje. Mjomba alitangulia, akajifanya anasoma tangazo la ukutani. Barabara ilikuwa na watu wake wa jioni, na jirani yetu mshona nguo akasimamisha mguu wake kwenye cherehani atuangalie vizuri.

"Amekataa," mchumba wangu akasema.

"Amesema leo hapana."

"Ndege yangu ni keshokutwa asubuhi."

"Basi kesho ipo katikati."

Akaniangalia, macho yamejaa. "Na wewe? Hujanijibu."

Niliushika mkono wake mbele ya mtaa mzima, juu ya kifundo, pale rangi inapoanzia. Nikauinamia. Ndimu ilikuja kwanza. Chini yake, kwa mbali, ikaja ile nyingine, nzito, ya ngozi na dawa. Haikuwa nzuri. Sikugeuza uso.

"Nyie huko nje!" Sauti ya Baba ikatoka ndani. "Bado yupo huyo kijana?"

Ndiyo mara ya kwanza hakumwita Meneja.

"Bado, Baba."

Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani, na Shangazi akinong'ona kitu, na Baba akimnyamazisha.

"Mwambie kesho saa nne," akasema hatimaye. "Maswali yote naanza upya, tangu la kwanza kabisa." Akakohoa. "Na asichelewe."